Feni kumi na moja, betri mbili, na fundi aliyeandikwa mfagiaji

KIGALI, Desemba 1994

"Siku ile mjinga nilikuwa mimi," anasema Audace Ndayisaba, wala hakuna aliyemuuliza. "Andika hivyo juu kabisa, mtu asije akasema nimeficha."

Ni saa moja kasorobo asubuhi, mtaa wa Kimihurura. Audace amepiga magoti kwenye saruji nyuma ya kompyuta ya tatu, mkononi ana kichupa cha mafuta ya cherehani. Amebandua karatasi ya duara iliyo mgongoni mwa feni. Anadondosha tone moja, anasubiri, anaongeza kama nusu tone. Kisha anairudisha karatasi kwa kidole gumba, taratibu, utadhani anambandika mtoto plasta.

"Tone mbili ni mingi," anasema. "Feni ikikunywa sana inalewa, inaanza kutemea kompyuta mate."

Ananyanyuka na kwenda kwenye kisanduku cha mbao kilicho chini ya dirisha. Mbele ya kisanduku kuna swichi nyeusi ya plastiki, ameing'oa kwenye Peugeot iliyokufa barabarani. Kule ilikuwa na kazi ya kuwapulizia abiria hewa ya moto miguuni. Anaizungusha mpaka namba tatu. Feni kumi na moja zinaamka kwa mpigo na kunguruma kama mzinga uliopigwa teke. Anahesabu hadi kumi, anairudisha namba moja, na chumba kinatulia.

"Hizi feni ni wazee," anaeleza. "Ukianza nazo pole pole hazinyanyuki. Mzee unamushika mukono kwanza. Akishasimama, anatembea mwenyewe."

Nyuma ya kila kompyuta kipande chembamba cha kitambaa kinapepea, kila kimoja na rangi yake. Audace anavikagua kwa jicho moja tu, kama mchungaji anavyohesabu mbuzi. Vyote tisa vinacheza. Viwili vya dirishani vinacheza pia. Hapo ndipo anapochukua ufagio.

Ndiyo, ufagio. Kwa mujibu wa karatasi za ofisi hii, mtu tuliyemwona akifanya yote hayo ni mfagiaji, na yale aliyoyafanya hayakufanyika.

Ofisi yenyewe ilikuwa nyumba ya kuishi kabla ya vita. Sasa inaandikisha watoto waliopotezana na wazazi wao tangu Aprili. Fomu zinaletwa kutoka vituo vya watoto kila pembe ya nchi, zimeandikwa kwa kalamu, nyingine zimelowa mvua njiani. Wachapaji tisa wanaingiza kwenye kompyuta jina la mtoto, umri, mahali alipookotwa, na lolote analokumbuka. Mmoja anakumbuka jina la ng'ombe wa kwao. Mwingine anakumbuka kwamba mama yake ana jino la dhahabu.

Kila Ijumaa orodha inachapwa na kubandikwa kwenye kuta za masoko, makanisa, misikiti na zahanati. Watu wanaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Hadi wiki iliyopita kompyuta zile tisa zilikuwa zimebeba majina zaidi ya elfu sita.

Sasa chukua kompyuta tisa, uzifungie kwenye sebule moja chini ya bati. Madirisha hayana vioo, yamezibwa kwa shitingi, yale maturubai ya plastiki yaliyofunika nusu ya mji huu. Nje jenereta inakohoa, leo inatoa umeme mwingi, kesho kiduchu. Vumbi jekundu linaingia bila hodi. Ndani ya kila kompyuta mna kifeni kidogo cha kuipoza, nacho kimekula vumbi hilo mpaka kikachoka.

Ikifika saa sita mchana sebule inageuka tanuri la mikate. Kompyuta inaanza kwa kuandika upuuzi. Halafu inaganda. Halafu giza, na kila ulichokuwa hujakihifadhi kwenye disketi kimezama.

"Mwezi wa nane tulikuwa tunazima saa tano na kuwasha tena saa kumi," anasema Kanyange, mkuu wa wachapaji, mwanamke wa miaka arobaini aliyezaliwa na kulelewa Bujumbura. "Saa tano nzima kwa siku tunakaa tunapepeana na fomu za watoto. Ulikuwa unaona aibu hata kuitazama fomu usoni."

Audace, ambaye ana miaka thelathini na moja, naye ni wa Bujumbura. Wazazi wake walikimbia Rwanda miaka ya sitini, naye akazaliwa Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili unakinyonya pamoja na maziwa. Alijifunza ufundi kwa mtengeneza redio, akiwa amekaa juu ya debe. Baadaye akawa anaitwa kwenye ofisi za wafanyabiashara wa kahawa kila kompyuta ilipogoma. Agosti alifika Kigali na mfuko mmoja wenye chuma cha kulehemu, bisibisi nne na shati la Jumapili.

Alipoomba kazi ya ufundi aliulizwa cheti. Akaonyesha vidole vyake, vina makovu ya kuungua mpaka kwenye kucha. Karani alicheka, akamwambia nafasi iliyobaki ni ya ufagio.

"Nikachukua," anasema. "Ufagio unaingia kila chumba. Cheti kinabaki ukutani."

Sasa tuje kwenye ile siku ya ujinga, maana mwenyewe ametuagiza tusiifiche.

Ilikuwa Alhamisi ya Septemba. Audace alikuwa ameokota feni uani, kwenye lundo la kompyuta zilizovunjwavunjwa wakati wa vita. "Mwizi anachukua kioo, anachukua kibodi, anachukua mpaka waya ya ukutani," anasema. "Feni anaiacha. Hakuna mwizi anajua feni ni kitu." Alisafisha sita, akazifunga nyuma ya kompyuta ya Kanyange, iliyokuwa inaongoza kwa kuzimia. Zote sita akaziunganisha kwenye waya mmoja mwembamba, ule ule unaolisha kifeni cha ndani.

Mtu aliyelelewa Geneva asingefanya hivyo. Mtu wa Buyenzi anafanya bila kufikiri.

"Kwetu uwanja muzima unakula kwa waya ya jirani moja," anaeleza. "Taa saba, redio tatu, pasi ya mama mukwe. Waya inakuwa ya moto, unaimwagia maneno mazuri, inavumilia. Mimi nikasema, feni sita ni nini?"

Waya wa kompyuta haukulelewa Buyenzi. Ulipangiwa kulisha mdomo mmoja, ukaletewa saba. Feni zilizunguka vizuri kwa dakika kumi na moja, Kanyange akamsifu, Audace akaegemea ufagio wake kama bwana harusi. Kisha ukaja moshi mweupe, na harufu ya kitunguu kilichoungua, na majina mia mbili na kumi na mawili yaliyoingizwa tangu Jumanne yakaenda nao.

"Nilivua kiatu," anasema Kanyange. "Mungu ananiona. Nikakishika hivi. Halafu nikakumbuka niko ofisini, nikakivaa tena. Nikamwambia, 'Wewe sha, hiyo kompyuta umeipikia ugali?'"

Fomu zilikuwepo, kwa hiyo majina hayakupotea moja kwa moja. Lakini kuyaingiza upya kulichukua siku mbili. Ijumaa ikafika, orodha ikabandikwa bila yale mia mbili na kumi na mawili. Yalitoka Ijumaa iliyofuata.

Wiki moja. Ukiisema haraka ni kitu kidogo.

Katika yale majina lilikuwemo la Kaliza, msichana wa miaka sita. Bibi yake, Mukantwari, ni mshonaji wa Biryogo, kwenye zile njia nyembamba ambako cherehani zinapigana kelele mlango kwa mlango. Aprili, watu walipokuwa wanakimbia, mkono wa mtoto uliponyoka. Tangu ukuta wa kwanza ulipobandikwa orodha, Mukantwari hakukosa Ijumaa hata moja. Alikuwa anakwenda na miwani yake na sindano iliyochomekwa kifuani, kana kwamba ameacha kazi kwa dakika mbili tu.

Alipolipata jina alikwenda Gitarama kumchukua mjukuu wake. Kule akaambiwa fomu ilikuwa imepelekwa Kigali siku nyingi. Akaambiwa pia, na hili ndilo asilolisahau, kwamba mlezi alimhakikishia mtoto kuwa jina lake litabandikwa Ijumaa ile ya kwanza. Basi wiki nzima Kaliza alilala na viatu, wakija kumchukua asichelewe.

Mukantwari alipanda Kimihurura kwa miguu kuuliza ni nani aliyechelewesha. Getini alimkuta mtu mwenye ufagio.

"Angeweza kusema hajui," anasema mama huyo, akiwa amekaa nyuma ya cherehani yake. "Mfagiaji anajua nini? Lakini yeye akanitazama, akasema, 'Ni mimi, mama. Niliunguza mashine.' Nilikuwa nimebeba matusi tangu Biryogo, yote mazuri, nimeyapanga njiani. Nikarudi nayo yote nyumbani."

Badala ya matusi alimwambia kitu ambacho Audace anakirudia mpaka leo akiwa anafunga waya: "Wewe uko na wiki yangu moja. Utaileta."

Jumapili yake Audace alishuka Biryogo kuomba radhi. Juu ya meza ya ushonaji aliona kichupa cha mafuta membamba, akauliza ni ya nini. Sakafuni aliona vipande vya vitenge vilivyobaki. Alirudi navyo vyote viwili, na tangu hapo ndipo ufundi wenyewe ulipoanza.

Kilichokuwa kimemuunguza alikwisha kukielewa. Feni nyingi hazipaswi kula kwenye sahani ya kompyuta. Zinapaswa kuwa na jiko lao. Akapata betri mbili za gari: moja inafanya kazi, nyingine inajazwa na jenereta, kesho zinabadilishana. Jenereta ikikohoa, feni hazina habari. Kompyuta ikizimika, feni zinaendelea kuipoza mpaka ipate nafuu.

Kila feni akaipa waya wake, na kwenye kila waya akaweka uzi mmoja mwembamba wa shaba, kama fyuzi. Feni moja ikipata kichaa, uzi wake unakatika peke yake na jirani haambukizwi. Zote zinaamriwa na swichi ile ya Peugeot: moja kwa asubuhi, mbili ikifika saa nne, tatu jua likiwa utosini. "Ukiziacha kwenye tatu tangu asubuhi, saa nane betri imekufa na joto ndiyo kwanza linafika," anasema. "Nguvu unaitunza kwa saa yake."

Vitambaa ni akili ya mwisho. Feni iliyokufa haisemi, na katika makelele ya chumba kile huwezi kusikia kumi zikinguruma na moja ikinyamaza. Kitambaa kinasema. Tukiwa tumekaa naye, Kanyange anapaza sauti bila kuinua macho kwenye kibodi:

"Audace! Kijani imelala!"

"Naiona, mama."

"Unaiona na umekaa? Au unangoja na mimi nilale?"

Anakwenda, anasukuma pangaboi kwa ncha ya penseli, kitambaa cha kijani kinanyanyua kichwa. Sekunde nane.

Tangu kisanduku hicho kikae chini ya dirisha, katikati ya Oktoba, hakuna kompyuta hata moja iliyozimika kwa joto. Saa tano zile zilizokuwa zinakufa kila siku zimerudi kazini. Kanyange amepiga hesabu kwamba bila hizo saa, ukuta ungekuwa nyuma kwa majina kama elfu mbili. Kila mmoja wetu na afikirie hapo watoto elfu mbili wamelala na viatu.

Msomaji atadhani basi mtu huyu amepewa mkono, na jina lake limebadilishwa kwenye daftari. Subiri kidogo.

Katika ukumbi wa kuingilia kuna viyoyozi viwili vipya kabisa, bado vimevaa plastiki. Vililetwa wiki moja baada ya ule moshi wa Septemba, kwa ndege, kutoka mbali. Juu yake huwekwa birika la chai. Sababu ni kwamba jenereta haiviwezi. Ilijaribiwa mara moja: meneja wa utawala, Zephaniah Rutayisire, alikichomeka kimoja kwa mkono wake mwenyewe mbele ya watu. Taa zilififia, jenereta ikapiga chafya, na kompyuta zote tisa zikazimika kwa pamoja.

Moshi wa Audace uko kwenye faili, una tarehe na muhuri. Chafya ya meneja haiko popote. Siku ile mjinga hakuandikwa.

Jambo jingine. Ofisi nyingi za Kigali leo hazina pesa za mishahara, watumishi wanapewa chakula, na hakuna anayelalamika kwa hilo. Nchi imetoka pale ilipotoka. Lakini chakula nacho kina madaraja. Fundi anapata kilo ishirini na tano za unga wa mahindi kwa mwezi, kumi za maharage na chupa tatu za mafuta. Mfagiaji anapata kilo kumi na mbili, tano, na chupa moja. Audace anabeba kazi mbili na kurudi chumbani kwake Biryogo na mfuko wa moja. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa wakubwa wa ofisi hii, mzigo wa Audace haufiki hata uzito wa usufi.

Mwezi uliopita tawi la Butare liliandika barua. Kompyuta zake nne zinazimwa kila siku mchana, kama zilivyokuwa zinazimwa hapa. Walikuwa wamesikia habari za kisanduku, wakaomba watumiwe aliyekitengeneza kwa siku tatu tu. Kanyange anatuonyesha nakala ya jibu. Ina mstari mmoja: "Ofisi haina fundi wa aina hiyo."

Audace alikuwa anafagia chini ya meza ile ile barua ilipopigiwa muhuri.

Tumemtafuta Bwana Rutayisire, ametupokea kwa heshima na kutukaribisha chai, iliyomiminwa juu ya kiyoyozi. Amelelewa Kampala, amekuwa karani wa maghala kwa miaka kumi na minne, na anakula unga ule ule wa mgawo. Si mtu wa makuu. Ni mtu anayeogopa daftari.

"Sebo, bwana wangu, nisikilize," anasema. "Vitu vya hapa ni vya msaada. Kila kitu kina namba. Kiti kina namba, kikombe kina namba. Mkaguzi akikuta kitu bila namba, anauliza kimetoka wapi, nani alikubali. Mimi nitasema nini? Kimetoka kwa Peugeot?"

Basi kipe namba, tunamwambia.

"Ili kipate namba lazima kiwe kimenunuliwa. Na kile kisanduku kimejengwa na mbao ya kiyoyozi. Hiyo ni kuharibu mali."

Ni kweli. Audace alichukua kifuniko cha sanduku la mbao lililoletea kiyoyozi kimoja, akakata mbao nne. Tukubaliane kwamba hiyo ndiyo kazi pekee ambayo viyoyozi vile vimewahi kufanya katika nchi hii.

Tunamuuliza viyoyozi vitaanza lini. "Karibuni," anajibu. Tumeangalia tarehe ya barua ya kuomba jenereta kubwa. Ni ya Oktoba mosi.

Audace mwenyewe hapendi kuongelea unga. Ukimuuliza anachotaka, anakuna kichwa kwa bisibisi.

"Nataka waniandike fundi. Siyo kwa kilo, ingawa kilo hatukatai," anasema na kucheka. "Nikiandikwa fundi, Butare watanipata. Feni kumi nimeshazisafisha, ziko kwa chumba yangu Biryogo, ndani ya ndoo. Nyaya nimekata. Vitambaa Mama Mukantwari amekata. Nahitaji siku tatu na mtu wa kusema 'nenda'. Wanizuie tu wakiwa na kitu bora kuliko changu. Wakileta bora, mimi nitashika ufagio na kupiga makofi."

Lakini kinachokuja sicho hicho.

Ni Ijumaa, saa saba mchana. Swichi iko namba tatu. Mashine ya kuchapa inakereza orodha ya wiki, karatasi ndefu inajikunja sakafuni. Mukantwari amekaa kwenye benchi karibu na mlango. Kila Ijumaa hupanda kuchukua nakala ya kubandika Biryogo, na huleta vitambaa vipya, kwa kuwa vya zamani huchanika kwa kucheza. Leo ameleta vya njano. Kaliza amemwacha kwa jirani, ana mafua.

"Ile wiki yangu," anamwambia Audace, "leo umelipa siku ngapi?"

"Bado mbili, mama."

"Juzi ulisema mbili."

"Juzi nilidanganya, zilikuwa tatu."

Mlango unafunguka, anaingia Rutayisire na karatasi. Anasoma akiwa amesimama, haraka, kama mtu anayekunywa dawa chungu. Jumanne wanakuja wageni waliotoa kompyuta. Jumatatu saa mbili asubuhi kisanduku kiwe kimetoka, pamoja na nyaya, pamoja na "mapambo ya kitambaa". Aliyekiweka atapewa onyo la maandishi.

Kelele za kibodi zinakatika moja baada ya nyingine.

"Na kompyuta, shefu?" anauliza Audace. Sauti yake ni ndogo.

"Zitazimwa saa tano kama zamani. Mpaka viyoyozi vianze."

"Shefu, vile havitaanza. Hata jenereta inajua."

"Ndayisaba, hii ni ofisi, siyo soko la Biryogo. Wageni wakiingia waone matambara yanapepea kama kwa mganga? Watacheka!"

"Wacheke," anasema Kanyange. Amegeuza kiti chake chote. "Wakimaliza kucheka, uwaonyeshe majina. Saa tano kwa siku, shefu! Mwezi wa nane ulikuwa hapa, ulikuwa unapepewa na fomu kama sisi."

"Mama Kanyange, mimi sina ugomvi. Mimi nasema utaratibu. Kila kitu kilicho humu kimo kwenye orodha ya vifaa. Hicho kisanduku hakimo."

"Na joto, shefu? Joto limo?"

Mchapaji mmoja anacheka, anajidai anakohoa. Rutayisire anafuta paji la uso kwa leso. Amesimama, bila kujua, mbele ya feni ya dirishani, na karatasi ya amri inapepea mkononi mwake kama kitambaa kingine chochote.

"Nyie mnafanya mzaha," anasema, "lakini mimi ndiye nitaulizwa. Nimeona watu wanafungwa kwa kikombe. Siwezi kutetea kitu ambacho hakina karatasi."

Audace ameinama kwenye kisanduku. Mkono wake uko juu ya swichi, haizimi wala haiachi. "Nikitoa leo, orodha haitamalizika," anasema. "Imebaki kurasa nne. Niache imalizike."

"Jumatatu nimesema. Leo imalize."

"Na Ijumaa ijayo?"

Meneja anakunja karatasi yake mara mbili.

Mukantwari ndiye anayenyanyuka kutoka kwenye benchi. Ni mfupi, na ameshika vile vitambaa vya njano mkononi kama mtu aliyeshika nauli.

"Bwana mkubwa," anasema, "mimi sijasoma. Nieleze pole pole. Hiki kisanduku kibaya chake ni nini?"

"Mama, nimekwisha sema. Hakimo kwenye orodha." Rutayisire anapunguza sauti, kwa kuwa anaongea na mtu mzima. "Na kitu ambacho hakimo kwenye orodha, kwetu sisi hakipo."

Mukantwari anavua miwani, anaifuta kwa kipande cha njano, anaivaa tena.

"Wiki ile mjukuu wangu hakuwemo kwenye orodha yenu," anasema. "Na alikuwepo."